Damu ya Musoma Katika Mtihani wa Daktari

Kuna jedwali dogo ambalo wanafunzi wa udaktari na wa jenetiki wamekuwa wakilifanyia mtihani sehemu nyingi za dunia kwa zaidi ya nusu karne. Lina safu mbili tu. Ya kwanza ni ya watoto wachanga 287: kati yao 189 walikuwa na himoglobini ya kawaida, yaani AA, 89 walirithi kinasaba kimoja cha selimundu, yaani AS, na 9 walirithi vyote viwili, yaani SS, hao ndio wagonjwa. Safu ya pili ni ya watu wazima 654: AA 400, AS 249, SS 5. Watu hao walikuwa wakazi wa wilaya ya Musoma, Tanganyika. Aliyechunguza damu yao ni Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, na matokeo aliyachapisha mwaka 1956. Wakati huohuo, kijana anayepiga msuli leo Musoma au Bunda akijiandaa na mtihani wa magonjwa ya damu, madesa yake kwa kawaida yanafuata mpangilio wa vitabu vya nchi za baridi: upungufu wa vitamini B12 kwa wazee wa Ulaya ya Kaskazini, thalasemia kubwa ya watu wa Mediterania, kisha orodha ndefu ya lukemia, na selimundu ikipewa ukurasa mmoja kama jambo la watu wengine. Mpangilio huo unamchelewesha mwanafunzi. Anayejiandaa akiwa mkoani Mara atafaulu vizuri zaidi, kwenye karatasi na wodini, akianza na damu ya Mara yenyewe, kisha atoke hapo kwenda kwenye magonjwa ya mbali. Sababu ni za kitabibu kabisa, wala hazihusiani na fahari ya kwetu.

Tuanze na jedwali lenyewe, maana wengi hulijibu bila kulisoma. Kanuni ya Hardy na Weinberg inatuambia tutegemee watu wangapi wa kila aina, ikiwa watu wanaoana bila kujali kinasaba hicho na kifo hakichagui aina yoyote. Kwa watoto wa Musoma, hesabu inatoa AA 190, AS 87 na SS 10. Waliokutwa ni 189, 89 na 9, yaani hesabu na hali halisi zinalingana kabisa. Kwa watu wazima, hesabu inatoa AA 421, AS 208 na SS 26; waliokutwa ni 400, 249 na 5. Kati ya utoto na utu uzima kuna kitu kimepita kikachagua. SS walikuwa asilimia 3 ya watoto, lakini hawakufika hata asilimia 1 ya watu wazima. AS walipanda kutoka asilimia 31 hadi 38. Ukiwafanya AS kipimo, uwezekano wa mtoto wa SS kufikia utu uzima ulikuwa takriban sehemu moja kati ya tano ya uwezekano wao. Mwanafunzi huishia hapo, anaandika kwamba mbebaji wa kinasaba kimoja analindwa dhidi ya malaria kali, anapata alama zake. Lakini namba za AA ndizo zinazonihuzunisha zaidi. Hao hawakuwa na ugonjwa wowote wa kurithi wa himoglobini hiyo, na bado uwezekano wao ulikuwa kama robo tatu tu ya ule wa AS. Kwa kila watoto wanne wa AA ambao wangepona kama wangekuwa na kinga ya AS, mmoja hayumo. Hapo jedwali linaacha kuwa fumbo la jenetiki na kuwa daftari la vifo vya malaria ya pwani ya Ziwa Victoria kabla ya vyandarua vyenye dawa.

Pingamizi la kwanza ni la haki: namba ni ndogo. Wagonjwa tisa upande mmoja na watano upande mwingine hawatoshi kubeba hesabu zenye desimali, na watu wazima wale hawakuwa watoto walewale waliokua wakafuatiliwa. Walikuwa watu wengine waliopimwa wakati huohuo. Mtahini mwerevu angeweka udhaifu huo ndani ya swali lenyewe. Hata hivyo, yaliyofuata yameunga mkono mwelekeo wa jedwali. Katika miaka ya karibuni watafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, na wenzao walichukua matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yale yaliyokusanywa kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto wachanga, wakayapima tena kutafuta selimundu. Sampuli zilizidi 17,000 kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Takriban mtoto mmoja kati ya watano alikuwa mbebaji, na zaidi kidogo ya asilimia 1 walikuwa wagonjwa. Mwanafunzi anaweza kuzikagua namba hizo kwa kanuni ileile: wabebaji wakiwa asilimia 20, wagonjwa wanapaswa kuwa kama asilimia 1 na kitu, na ndivyo ilivyo. Kwa nchi nzima, makadirio yanayotumika sana ni watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka.

Kwa nini jambo hili libadilishe namna ya kusoma? Kwa sababu kutambua ugonjwa huanza kabla ya kipimo. Kabla daktari hajagusa kichupa cha damu, anapaswa kujua ugonjwa gani unawezekana kwa mtu huyu, wa umri huu, kutoka kijiji hiki. Ugonjwa unaowapata watoto kama mmoja kati ya mia hauwezi kuwa mwisho wa orodha. Ukiichukua ile asilimia 38 ya wabebaji wazima wa Musoma, ndoa moja kati ya saba hivi ingekuwa ya mbebaji na mbebaji, na kila mimba ya ndoa hiyo ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto wa SS. Hilo linapaswa kukaa kichwani mwa mtu kabla hajaingia chumba cha mtihani, kama vile daktari wa Norway anavyojua bila kuulizwa ni magonjwa gani ya kurithi yaliyo mengi kwao.

Ukishaanza hapo, mambo mengi yanayokaririwa kwa taabu yanajipanga yenyewe. Mtoto wa SS hazaliwi mgonjwa, kwa sababu himoglobini ya kijusi haina mnyororo wa beta ambao ndio wenye kasoro, ule ambao asidi ya amino ya sita, ya glutamiki, imebadilishwa na valini. Himoglobini ya kijusi ikipungua, kuanzia miezi sita hivi, seli zinaanza kujikunja zinapokosa oksijeni. Kutokana na jambo hilo moja unajua kwa nini vidole vya mikono na miguu huvimba kati ya miezi sita na miaka miwili, kwa nini bandama huweza kujaa damu ghafla na kumuua mtoto kwa saa chache, kwa nini baadaye bandama hilohilo hunyauka na kumwacha mtoto wazi kwa nimonia na homa ya uti wa mgongo, na kwa nini penisilini hutolewa kila siku hadi miaka mitano. Unajua pia kwa nini kipimo cha uyeyukaji wa himoglobini hakifai kwa mtoto mchanga, na kwa nini kwa mtu mzima hakimtofautishi AS na SS, hata elektroforesi ihitajike, au kile kipimo cha haraka cha kudondoshea tone la damu. Haya yote ni majibu ya maswali tofauti kwenye karatasi, na yote yanatoka kwenye tukio moja la kikemia pamoja na kalenda ya umri wa mtoto.

Upungufu wa damu kwa ujumla nao unapaswa kusomwa hivyohivyo. Maswali ni matatu: uboho hautengenezi, seli zinavunjwa, au damu inapotea? Retikulosaiti, zile seli nyekundu changa, ndizo zinazojibu. Zikiwa nyingi uboho unafanya kazi na tatizo liko nje, zikiwa chache tatizo liko kiwandani au malighafi imekosekana. Mara haimruhusu mwanafunzi kuchagua jibu moja. Malaria inavunja seli na papo hapo inadumaza uboho. Safura inanyonya damu matumboni kidogokidogo mpaka chuma kiishe. Kichocho cha tumbo, kilichokita mizizi katika vijiji vya wavuvi, kinaliharibu ini, shinikizo linapanda kwenye mishipa ya bandama, bandama linakua na kuanza kuzifungia seli za aina zote, na mishipa ya umio inaweza kupasuka mgonjwa akatapika damu. VVU hudhoofisha uboho, na zidovudini nayo huongeza upungufu huku ikizikuza seli nyekundu, hivyo seli kubwa kwa mgonjwa wa hapa hazimaanishi moja kwa moja kukosa B12. Bandama kubwa kwa mtu mzima wa Bunda linaweza kuwa malaria ya muda mrefu, kichocho, au lukemia sugu ya mailoidi. Lakini kwa mgonjwa mtu mzima wa SS, mara nyingi usitegemee kulipapasa kabisa. Hakuna kitabu cha London kitakachoyapanga haya kwa uzito huu, na hakuna sababu ya kukilaumu, kiliandikwa kwa ajili ya London.

Kwenye matibabu hoja inapata nguvu zaidi, kwa sababu utafiti uliofanyika Afrika umeyageuza baadhi ya majibu yaliyoonekana dhahiri. Mtoto ana upungufu wa damu, mpe chuma: nani angebisha? Lakini Pemba, katika utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 24,000 na kuchapishwa mwaka 2006, waliopewa chuma na foliki kwa utaratibu wa jumla, bila kupimwa kwanza, walilazwa na kufa zaidi kuliko ambao hawakupewa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa kabla ya wakati. Kundi dogo lililochunguzwa kwa karibu lilionyesha kwamba wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika. Hivyo mwanafunzi wa Mara anayeandika tu "dawa: chuma" ameacha nusu ya jibu, nusu nyingine ni malaria, kuwepo kwa kinga na tiba yake, na kwamba mgonjwa wa selimundu hapewi chuma mpaka ithibitike kimepungua. Foliki ni habari tofauti, maana uboho unaofanya kazi kupita kiasi huimaliza haraka.

Damu ya kuongezewa nayo imepitia mtihani wake. Utafiti wa TRACT, uliofanyika Uganda na Malawi na kuchapishwa mwaka 2019, uliwachukua watoto wenye himoglobini kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari, ukawagawa: wengine waongezwe damu papo hapo, wengine waangaliwe kwa karibu na waongezwe ikiwa tu watashuka chini ya 4 au wataonyesha dalili za hatari. Vifo ndani ya siku 28 havikutofautiana kwa kiasi cha kutosha kusema upande mmoja ni bora. Wavivu wa kusoma watachukua hapo ruhusa ya kusubiri. Wakumbuke kwamba karibu nusu ya waliokuwa wanasubiri waliishia kuongezwa damu, na kwamba kule kuangaliwa kwa karibu kulikuwa kwa kweli, himoglobini ikipimwa tena na tena. Hospitali ambayo chupa za damu hazitoshi na muuguzi mmoja ana wodi nzima usiku haiwezi kunakili sehemu ya kwanza ya matokeo na kuiacha ya pili. Kwa mgonjwa wa selimundu kuna tahadhari ya ziada ambayo watahini huipenda, na wana haki: ukimpandisha kupita kama 10, damu inakuwa nzito na unaweza kumsababishia kiharusi ulichokuwa unamkinga nacho.

Kisha haidroksiurea. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa dawa ya nchi tajiri, kwa hofu kwamba, kwa kuwa inashusha seli nyeupe, ingewaua watoto wa Afrika kwa maambukizi. Utafiti wa REACH ulijibu hofu hiyo mwaka 2019 kwa watoto 606 wa Angola, Kongo, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria, kinyume kabisa na hofu, ilipungua pia. Mwanafunzi anayesoma madesa ya zamani atakuta haidroksiurea imeandikwa kwa ajili ya watu wazima wenye maumivu ya mara kwa mara. Jibu hilo limepitwa na wakati, na lilipitwa na ushahidi uliotoka Afrika.

Mfano mwingine wa Mara wenyewe ni limfoma ya Burkitt, saratani ya limfosaiti inayovimbisha taya na tumbo la mtoto. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala, na ramani yake ilifuata ramani ya malaria, jambo lililowafanya watu waulize kama malaria ni msaidizi wa virusi vya Epstein-Barr katika kuizaa. Swali hilo lilijaribiwa Mara ya Kaskazini. Kati ya 1977 na 1982, watoto wa chini ya miaka kumi walipewa vidonge vya klorokwini kwa vipindi, na hospitali ya Shirati ilikuwa na sehemu kubwa katika kuwatambua wagonjwa. Limfoma ilipungua, na ugawaji ulipokoma ikapanda tena. Ushahidi umekamilika? Hapana, kwa kuwa kushuka kulianza kabla ya vidonge kugawiwa, na usugu wa vimelea kwa klorokwini ulianza kujitokeza programu ikiendelea. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa kumfundisha mwanafunzi tofauti kati ya mambo mawili kwenda pamoja na moja kuzaa lingine. Na tiba yake inampa matumaini ambayo lukemia nyingi hazimpi: ni uvimbe unaokua kwa kasi ya kutisha, na kwa sababu hiyohiyo huyeyuka haraka kwa siklofosfamidi na wenzake, ili mradi mtoto afike mapema na maji na figo viangaliwe seli zinapokufa kwa wingi.

Sasa pingamizi zito. Mtihani ni wa taifa. Maswali yanayotungwa Dar es Salaam au Dodoma hayajali kama mtahiniwa anakaa Nyasho au Nyamuswa, na yataulizia himofilia, lukemia sugu ya limfosaiti na B12 bila huruma. Kweli kabisa, na mwanafunzi asiyeyajua atapata sapu. Lakini kuanza na yaliyo mengi si kuyaacha yaliyo machache. Ni kuyapa mahali pa kusimama. Chukua himofilia. Inampata mvulana mmoja kati ya maelfu, na mkaririji huiona kama kigeni kisichokuja Mara. Mkoani humu tohara ya wavulana ni desturi ya makabila mengi, na mvulana asiyekoma kutoka damu siku ya pili baada ya tohara ndiyo picha ya himofilia ambayo daktari wa hapa anaweza kukutana nayo. Akiuliza kama wajomba zake upande wa mama nao walitoka damu sana, amepata nusu ya utambuzi bila maabara. Kisha yanafuata ya kitabuni: kigezo cha 8 cha kugandisha damu, au plazima iliyogandishwa kama hakipo, asidi ya traneksamiki, hakuna sindano ya msuli, hakuna aspirini.

Na lukemia sugu ya limfosaiti haiwezi kuitwa ngeni katika mkoa wenye Butiama. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko, alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa lukemia, na iliyotajwa ni hiyo sugu. Watanzania wengi walilisikia jina la saratani hii kwa mara ya kwanza siku zile za majonzi. Kitabibu, kisa chake kinakaa pale kinapotegemewa: ni ugonjwa wa wazee, huenda polepole, mara nyingi hugunduliwa kwa hesabu ya damu iliyofanywa kwa sababu nyingine, na wakati mwingine tiba bora mwanzoni ni kusubiri na kuangalia. Inaonekana adimu Mara kwa sehemu kwa sababu hesabu kamili ya damu ya mzee wa kijijini haifanywi mara nyingi. Ugonjwa usiotafutwa hauhesabiwi, na mwanafunzi lazima ajue kwamba uhaba kwenye daftari la wodi si uhaba kwa watu.

Watabaki wanaosema kukariri kumewafaulisha wengi. Sikatai. Dozi haikisiwi kwa mantiki: miligramu 125 za penisilini mara mbili kwa siku kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, 250 baada ya hapo, lazima zikae kichwani. Ninachokataa ni kukariri mahali ambapo kufikiri kunatosha, kwa sababu kumbukumbu ya mtu ina kikomo na ni heri aitunze kwa yale ambayo hayana njia nyingine. Nao watunga maswali wana sehemu yao. Wakiendelea kuuliza "taja aina tano za anemia," watapata wanaotaja aina tano. Wakileta mtoto wa miezi tisa kutoka kijiji cha kando ya ziwa, Bunda, mwenye homa, vidole vilivyovimba, himoglobini 6.5, bandama linalopapasika na kipimo cha haraka cha malaria kilicho chanya, watamjua mara moja anayeishia kwenye dawa ya malaria. Anayestahili alama zote ataitibu malaria hiyo, ataanza antibayotiki kwa kuwa homa kwa mtoto anayeshukiwa SS haisubiri, hatakimbilia kuongeza damu wala chuma, atapima aina ya himoglobini, atamfundisha mama kulipapasa bandama la mwanawe kila siku, na ataomba kaka na dada wa mtoto huyo waletwe kupimwa.